Viwanja vinauzwa Dodoma, mitaa itajengwa lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo linalowagusa wasomaji wengi waliohamia Dodoma katika miaka ya karibuni, na wengine walio mbioni kuhamia. Karibu kila siku tunasikia redioni, na kusoma kwenye mabango ya kando ya barabara, matangazo ya viwanja vya Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Nala, Mkonze, Mtumba na Msalato. Matangazo hayo yanafanana sana. Yanataja ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, yanahakikisha kwamba kimepimwa na kwamba hati haitachelewa, kisha yanamalizia kwa idadi ya dakika ambazo gari litatumia kutoka hapo hadi Mji wa Serikali au hadi stesheni ya treni ya mwendokasi. (Dakika hizo, nadhani, zilihesabiwa alfajiri na dereva ambaye hakukutana na kundi la ng'ombe barabarani.) Sijapata kusikia tangazo hata moja linalomweleza mnunuzi mtoto wake atasoma wapi, na atafikaje huko ikiwa nyumbani hakuna gari.

Sipingi watu kununua viwanja. Mimi mwenyewe nilikuja Dodoma kwa kuifuata wizara, nikanunua, nikajenga, nikastaafu hapa hapa, na sina mpango wa kurudi Dar es Salaam. Hewa ni kavu na safi, jioni ni za baridi, na mtu akiamka asubuhi anaiona milima badala ya ukuta wa ghorofa la jirani. Hoja yangu ni kwamba tumejizoesha kuupima ubora wa maisha ya pembezoni mwa jiji kwa vitu vilivyo ndani ya uzio, yaani ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, geti na maegesho, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya familia hutegemea vitu vilivyo nje ya uzio huo, katika umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu bila kuchoka. Vitu hivyo havinunuliwi na mwenye kiwanja mmoja mmoja, hata awe na uwezo kiasi gani. Hupangwa, hulindwa na kujengwa kwa fedha na mamlaka ya umma, la sivyo havijengwi kabisa.

Ni haki kukiri ukubwa wa kazi iliyopo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma, wakati huo ikiwa manispaa, ikiwa na watu 410,956, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba mwaka 2019. Hakuna halmashauri ambayo ingeweza kupokea ongezeko la namna hiyo bila kuzidiwa mahali fulani. Tena yapo mambo ya kujivunia: stendi kuu ya mabasi na soko kubwa pale Nzuguni, treni iliyoanza kutuunganisha na Dar es Salaam mwaka 2024, na barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3. Lakini barabara hiyo ya mzunguko, pamoja na manufaa yake yote kwa malori yasiyo na sababu ya kupita katikati ya jiji, imefungua ardhi mpya pande zote, na madalali wamekwisha kuliona hilo kabla ya mabomba ya maji na kabla ya walimu.

Wala si kwamba Dodoma haikuwahi kufikiriwa vizuri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukakamilika mpango kabambe ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mwasisi wa kampuni hiyo, Macklin Hancock, alikuwa amejipatia jina kwa kupanga Don Mills, kitongoji kilichoanza kujengwa pembezoni mwa Toronto mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako makazi yaligawanywa katika mitaa yenye shule yake ya msingi kila mmoja na njia za waendao kwa miguu zilizotengwa na barabara za magari. Mpango wa Dodoma ulikwenda mbali zaidi. Uliweka mbele watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi, ukayaweka magari binafsi nyuma, na ukayapanga makazi kando ya njia ya basi ili mwananchi asiwe mbali na kituo. Ulikuwa na kasoro zake, na mamlaka iliyousimamia haikupendwa na kila mtu. Wengi tunakumbuka furaha ya mwaka 2017 ilipovunjwa, na hati zake za miaka 33 zikaanza kubadilishwa kuwa za miaka 99. Hata hivyo, fikra ya kwamba nyumba huanza kupangwa kutokea shuleni na kwenye kituo cha basi haikustahili kuvunjwa pamoja na ofisi hiyo. Mpango kabambe tulio nao sasa, wa mwaka 2019 hadi 2039, utapimwa kwa jambo hilo hilo.

Nianze na usafiri, kwa sababu ndiko familia nyingi za pembezoni zinakoumia bila kupiga kelele. Anayejua maeneo mapya anajua maana ya kukatisha ruti. Asubuhi daladala zinafika, maana abiria wa kwenda mjini ni wengi. Mchana na usiku kondakta anatangaza mwisho wa safari njia panda, kwenye lami, naye abiria anashuka na mizigo yake na kutafuta bodaboda wa kummalizia kipande kilichobaki. Nauli ya kipande hicho aghalabu huizidi nauli ya daladala iliyomleta kutoka Sabasaba, mjini. Mwenye mshahara hulipa kwa kunung'unika. Dada wa kazi, fundi, mlinzi, muuza mboga na mwanafunzi wa sekondari hutembea, na usiku hutembea gizani.

Ni rahisi kuwalaumu madereva, na mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini ina wajibu wa kuwabana wanaokiuka masharti ya leseni zao. Lakini hesabu inatuonyesha kwamba tatizo limeanzia kwenye meza ya upimaji. Chukua kituo kimoja cha daladala, na useme kwamba mtu yuko tayari kutembea mita 500 kukifikia. Eneo lililo ndani ya umbali huo pande zote ni hekta kama 78. Toa theluthi moja kwa ajili ya barabara na huduma, zinabaki hekta 52. Ukizikata hekta hizo kuwa viwanja vya mita za mraba 1,000, unapata viwanja 520. Na kwa kuwa wengi wamenunua kwa kuwekeza, tuseme nusu tu ndivyo vimejengwa, basi kituo hicho kinahudumia nyumba 260, ambazo baadhi zina magari yake. Hakuna mwenye daladala atakayerudi pale saa mbili usiku kwa abiria wawili. Ardhi hiyo hiyo ikikatwa viwanja vya mita za mraba 400, unapata viwanja 1,300, na biashara ya basi inabadilika kabisa, sawa na gharama ya bomba la maji, ya nguzo ya umeme na ya mfereji kwa kila nyumba. Kiwanja kikubwa kinaonekana ni neema kwa anayekinunua, lakini viwanja vikubwa vitupu vikifuatana kwa kilomita kadhaa vinawafanya wote waishio humo kuwa watu wa mbali.

Sisemi kila mtu abanwe kwenye mita 400. Wako wanaotaka bustani na mabanda ya kuku, na Dodoma ina ardhi ya kutosha kwao. Nasema kwamba kando ya njia zinazokusudiwa kuwa za mabasi pangepimwa viwanja vidogo na nyumba za kupanga, na vile vikubwa vikae nyuma. Pale Iyumbu, Shirika la Nyumba la Taifa limejenga nyumba nyingi zilizokaribiana, na ni katika maeneo ya namna hiyo ambako duka, basi na majirani hupatikana mapema.

Jambo la pili ni viwanja vya huduma, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Kila mchoro wa mipangomiji unaoidhinishwa huonyesha, pamoja na viwanja vya makazi, maeneo ya shule, zahanati, soko, nyumba za ibada, viwanja vya michezo na maeneo ya wazi. Mnunuzi anapoonyeshwa mchoro huo na kuviona vitalu vilivyopakwa rangi tofauti, anaamini amenunua mtaa mzima. Baada ya hapo hakuna anayemwambia lolote tena. Mtaani kwetu lipo eneo kubwa ambalo kwenye mchoro limeandikwa shule ya msingi. Kwa miaka mingi limekuwa mahali pa kufyatulia matofali na kumwaga kifusi, na kuna kipindi alipita dalali na wateja wake akiwaonyesha mipaka yake kwa fimbo. Wazee wa mtaa walimfukuza kwa maneno makali, na nadhani walifanya vyema, lakini ulinzi wa ardhi ya umma hauwezi kutegemea ni mzee gani amekaa kibarazani siku hiyo. Watoto wetu, wakati huo wote, wanavuka barabara kuu kwenda shule ya mtaa mwingine, ambayo madarasa yake yalikusudiwa watoto wa huko.

Eneo la huduma lisilo na jengo, lisilo na uzio wala kibao, hupotea. Linaanza kwa kibanda kimoja, inafuata ombi la kubadilisha matumizi, na mwishowe mnajikuta mna ukumbi wa sherehe mahali ambapo palipaswa kuwa na darasa. Likishapotea halirudi, kwa kuwa kununua ardhi na kulipa fidia katikati ya mtaa uliokwisha kujengwa ni gharama ambayo hakuna bajeti inayoikubali. Ndiyo maana naona ni busara, kabla ya kutangaza kitalu kipya cha viwanja mia kadhaa, kuweka angalau vibao na miti ya mipakani katika maeneo ya huduma ya vitalu vilivyouzwa zamani, na kutenga sehemu ya fedha za mauzo kwa madarasa ya kwanza mawili na choo. Shule inayoanza na darasa la kwanza pekee inaweza kukua mwaka hadi mwaka pamoja na mtaa wake.

Kuhusu maji nitasema kidogo, kwa kuwa wataalamu wameyasema mengi. Dodoma hupata mvua ya chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miongo mingi jiji limetegemea visima vya bonde la Makutupora. Mgao si jambo la kushangaza, na kila nyumba ya pembezoni ina simtanki yake na namba ya simu ya mwenye boza. Ninachoshangaa ni kwamba tunaezeka mapaa makubwa namna hii na kuyaacha maji yaanguke chini. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 550 hupokea lita zaidi ya 80,000 kwa mwaka, na hata tukipoteza robo yake, yanayobaki si haba kwa kufulia, kumwagilia na vyoo. Kibali cha ujenzi kingeweza kudai mifereji ya paa na tangi la kuvunia maji kama kinavyodai choo. Manufaa yangekuwa mara mbili, maana maji hayo yanayoachwa ndiyo yanayojikusanya kwenye barabara za udongo na kuchimba makorongo ambayo ikifika Machi hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, haiwezi kuyapita.

Kuna jambo jingine dogo linalohusu kuta. Tumejenga kuta ndefu zenye nyaya juu, kila mmoja akijilinda peke yake, na barabara za ndani zimebaki hazina mtu wa kuzitazama. Genge la mboga lililofunguka hadi saa tatu usiku, lenye taa na watu wawili watatu wanaozungumza, linalinda mtaa kuliko nyaya hizo, lakini magenge yetu hufukuzwa mara kwa mara kwa sababu mchoro haukuyatengea mahali. Kuyatengea mahali kwenye kila kona ya kitalu kungegharimu mita za mraba chache mno.

Wasomaji wengine wataniambia kwamba miji yote mikuu ina vitongoji vya watu wenye uwezo, na soko ndilo huamua nani akae wapi. Nitawapa mfano wa Kaunti ya Montgomery katika jimbo la Maryland, Marekani, inayopakana na Washington na kukaliwa na watumishi wengi wa serikali kuu ya nchi ile. Ina watu zaidi ya milioni 1, na kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa mahali panapotamaniwa zaidi kwa kuishi, hasa kwa sifa za shule zake. Nyumba huko ni ghali sana. Lakini mwaka 1974 kaunti hiyo iliweka sheria inayowataka wajenzi wa miradi mikubwa ya nyumba watenge sehemu ya nyumba hizo kwa watu wa kipato cha kati na cha chini, ndani ya mradi ule ule. Mwaka 1980 ikatenga ekari kama 93,000, karibu theluthi moja ya ardhi yake yote, zibaki kuwa za kilimo, na hadi leo jiji halijazimeza. Reli ya abiria iendayo Washington ina vituo ndani ya kaunti hiyo, na majengo marefu yamerundikana kuzunguka vituo hivyo. Hayo yaliamuliwa na baraza la wawakilishi wa wananchi, na soko likafuata.

Mfano huo wa ardhi ya kilimo unanigusa ninapopita Hombolo au Mpunguzi na kuona mashamba ya zabibu. Ardhi ambayo leo tunaiita viwanja ilikuwa mashamba ya mtama, uwele, karanga na mizabibu ya Wagogo, na wengi wao walipokea fidia ya shamba wakati ambapo kilichochukuliwa kilikuwa ndiyo ajira ya ukoo mzima. Baadhi ya vijana wa familia hizo sasa ni mafundi saidia na waendesha bodaboda katika vitongoji vilivyojengwa juu ya mashamba ya babu zao, nao hawana uwezo wa kupanga chumba humo, hasa nyakati za Bunge ambapo kodi za vyumba hupanda. Ukizungumzia ubora wa maisha ya kitongoji bila kuwahesabu hawa, umezungumzia wageni tu. Sehemu ya viwanja vya kila mradi mpya ingetengwa kwa wenyeji waliohamishwa, kwa bei ya gharama ya upimaji, na mizabibu iliyobaki ingelindwa kwa mchoro kabla haijafikiwa na barabara ya mzunguko.

Fedha zitatoka wapi? Sehemu tayari tunazitoa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na mwaka 2023 kiwango kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kiwango kimoja kwa nyumba ya vyumba viwili na kwa jumba lisilo la ghorofa lenye vyumba vinane na bwawa la kuogelea, jambo ambalo kwa maoni yangu linafaa kutazamwa upya. Sina shida na kulipa. Ningependa tu kusomewa kwenye mkutano wa mtaa kwamba mwaka huu kutokana na kodi hii tumepata kalvati moja, taa tano, au hata robo kilomita ya moramu.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi la jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Katika kila ofisi ya mtaa ya jiji hili ubandikwe mchoro ulioidhinishwa wa mtaa huo, ukionyesha kwa namba kila kitalu kilichotengwa kwa shule, afya, soko, michezo na maeneo ya wazi, pamoja na hali yake ya sasa: kimejengwa, kipo wazi, kimevamiwa, au kimeombewa kubadilishwa matumizi na nani. Maombi ya kubadilisha matumizi yasomwe kwenye mkutano wa wakazi kabla ya uamuzi. Na matangazo ya viwanja vipya, yawe ya halmashauri au ya kampuni binafsi, yalazimike kutaja umbali wa kutembea hadi shule ya msingi iliyo karibu, kituo cha daladala kinachofanya kazi hadi usiku, na bomba la maji la umma. Mnunuzi akishayajua hayo aamue mwenyewe kama mita zake 1,000 zina thamani anayoambiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi mstaafu,
Njedengwa, Dodoma